Kipande cha injini Nairobi: CNC, leithi, kipya cha kiwandani au ex-Japan?

Swali ninalolisikia sana siku hizi ni kama kipande cha injini kilichochongwa kwa CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, kutoka bonge zima la chuma ni bora kuliko cha kawaida. Likiulizwa hivyo halijibiki. Puli ya alternata na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, shafti kuu ya injini) zote ni vipande vya injini. Puli ikizidi upana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, mkanda utazunguka vilevile. Tundu kubwa la konrodi likizidi kwa kiasi hichohicho, beringi itazunguka ndani yake, mafuta yatakatika, na gari litarudi kwa kuvutwa.

Kwa hiyo hapa nalinganisha njia nne alizonazo mwenye gari au mashine hapa Nairobi: kununua kipya cha kiwandani, kuchukua cha ex-Japan (kilichotumika, kilicholetwa kutoka Japani), kumpelekea mkerezaji wa leithi (mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata), au kuchongewa kwa CNC. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya kipande ndani ya injini ndiyo inayoamua, kisha aina ya chuma, kisha upimaji. Mashine inakuja ya nne.

Chuma kilipataje umbo

Vipande vya injini hupata umbo kwa njia tatu, na kila njia huacha alama yake ndani ya chuma, mahali jicho halifiki.

Ya kwanza ni kusubu. Chuma huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Bloku, silinda hedi, manifoldi na pistoni nyingi za magari ya kawaida hutengenezwa hivyo, kwa sababu hakuna njia rahisi zaidi ya kupata ile mifereji ya maji inayojipinda ndani ya hedi. Udhaifu wake ni vitundu vidogo vya hewa vinavyobaki chuma kinapoganda. Viwanda vikubwa hujua kuvidhibiti. Mtaani ni vigumu. Alumini huyeyuka karibu nyuzijoto 660, joto ambalo hata tanuri dogo la Kariobangi Light Industries hulifikia, na kazi nyingi nzuri hutoka huko. Lakini malighafi huwa ni mchanganyiko: pistoni kuukuu, rimu, vipande vya madirisha. Mchanganyiko huo unatosha kwa sufuria. Kwa kifuniko cha pampu ya oili, ambacho lazima kibaki bapa kikiwa moto na chini ya presha, mimi singeukubali.

Ya pili ni kufua. Chuma hupashwa moto hadi kilainike bila kuyeyuka, kisha hugongwa au kukandamizwa ndani ya umbo kwa nguvu ya tani nyingi. Chembe zake hujipanga kufuata umbo la kipande, kama nyuzi za mti zinavyofuata tawi. Ndiyo maana konrodi na krankishafti za injini zinazofanya kazi ngumu hufuliwa.

Ya tatu ni kuanza na bonge: mti wa chuma wa duara au kipande cha mraba kilichokwisha kubanwa na rola kiwandani, halafu kuondoa kila kisichohitajika. Hapa ndipo CNC inapong'aa. Bonge zuri halina vitundu vya hewa, na ubora wake ni uleule kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ila chembe zake zimelala kwa mstari, na kisu kinapokata kona, kinazikata na zenyewe. Chuma kikiwa kilekile na kikitiwa moto vilevile ili kupata ugumu, kipande cha kufua kina faida juu ya cha bonge pale umbo linapojipinda.

Wauzaji wengi hulipita jambo hili haraka, kwa hiyo nalisema wazi: kuchongwa kwa CNC hakukipi kipande nguvu yoyote ambayo bonge halikuwa nayo. Alumini ya 6061-T6 hupinda isirudi mkazo ukifika kama megapaskali 276. Ile ya 7075-T6 huvumilia hadi kama 503, karibu mara mbili. Zikitoka mashineni zote zinameremeta sawa, na ukiwekewa mezani bila karatasi hutazitofautisha kwa macho. Na hiyo 7075 yenye nguvu zaidi haipendi maji wala kuchomelewa, kwa hiyo kwenye njia ya maji ya injini 6061 ndiyo chaguo langu, hata kama mtu atakuambia ile nyingine ni ya ndege.

Kisha kuna gharama ya kile kinachoishia sakafuni. Chukua bonge la alumini lenye urefu wa milimita 300, upana 150 na unene 60. Lina uzito wa kilo 7.3 hivi. Ukichonga humo flenji (bamba la kuunganishia kwa bolti) ya kilo moja na nusu, karibu kilo sita zimegeuka mabaki ambayo ulilipia kwa bei ya alumini safi na yatauzwa kwa bei ya skrepu. Kiwanda kinachosubu au kufua hakipotezi hivyo, na ndiyo sababu moja kubwa kipande chake ni rahisi.

Leithi ya mkono au kompyuta

Mkerezaji mzuri wa leithi ni hazina ya mji huu. Zunguka Kariobangi, Industrial Area, au vichochoro vya Kirinyaga Road ambayo wengi bado wanaiita Grogan, utawakuta watu wanaoweza kufikia mikroni 20 kwa mkono na maikromita. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa kazi ya duara na ya kipande kimoja, yaani bushi, spesa, pini, au shafti fupi ya pampu, sioni sababu ya kutafuta CNC. Mkerezaji atakishika kile cha zamani, atakipima, atakata kingine na kukijaribu palepale kwenye beringi yako. Ukimletea beringi yenyewe badala ya namba yake, atakupenda zaidi.

CNC hufuata programu: mistari ya maagizo yanayosema kisu kiende wapi na kwa kasi gani. G01 ni kwenda kwa mstari ulionyooka huku ukikata, G02 na G03 ni kwenda kwa upinde, M08 ni kufungulia maji ya kupozea. Udhibiti wa namba ulionyeshwa hadharani MIT kule Marekani mwaka 1952, ukikusudiwa sehemu za ndege. Nairobi pia ina historia yake. Mradi wa gari la Nyayo Pioneer, ulioanza 1986 kwa agizo la Rais Moi kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, haukutoa magari ya kuuza, lakini uliacha nyuma yake Numerical Machining Complex pale Industrial Area, karakana ya serikali ya kuchonga na kusubu chuma. Naona huo ni urithi ambao tunauzungumzia kidogo mno, maana kila anayesema Kenya haijawahi kuchonga chuma kwa usahihi anasahau kwamba tulianza na injini ya gari.

CNC inashinda leithi pale umbo lisipokuwa la duara, na pale mashimo mengi yanapotakiwa kukaana kwa kipimo. Flenji ya manifoldi ya injini ya silinda nne ina matundu manne ya hewa na mashimo ya bolti kila upande. Fundi wa mkono anaweza kuyatoboa yote, lakini kila shimo analoanza upya ni nafasi mpya ya kukosea. CNC hushika kipande mara moja na kupitia matundu yote ikihesabu kutoka pointi moja. Umbali kati ya shimo la kwanza na la mwisho ukitakiwa kuwa milimita 264, utaupata ndani ya sehemu chache za mia moja za milimita, na utaupata hivyo kwenye kipande cha kwanza na cha ishirini.

Hapo ndipo hesabu ya pesa inabadilika. Tuseme kuchora, kuandika programu na kufunga kipande mashineni kunachukua saa nne, kisha kila kipande kinakatwa kwa nusu saa. Tuseme mkerezaji wa mkono anamaliza kipande hichohicho kwa saa mbili. Kipande kimoja: CNC saa nne na nusu, mkono saa mbili. Vipande kumi: CNC saa tisa, mkono ishirini. Kufikia cha tatu, CNC imeshaanza kuwa nafuu kwa muda, ingawa saa yake moja huwa ghali zaidi. Wamiliki watano wa matatu za aina moja wakija pamoja na tatizo moja wana nafasi nzuri kuliko kila mmoja akija peke yake. Sijui kwa nini sacco nyingi hazifanyi hivyo, na ningependa zianze.

Usidhani basi kwamba kompyuta haikosei. Inarudia. Ukiipa kipimo kibaya itakuchongea vipande ishirini vibaya, vyote sawasawa. Na stima ni jambo la kuulizia. Ikikatika katikati ya kazi, wa leithi huondoa kisu, husubiri, huendelea. Kwenye CNC kisu kinaweza kuvunjikia ndani ya chuma, na kazi ikianza upya ni lazima sifuri, yaani pointi ya kuanzia kupima, itafutwe tena kwa uangalifu, la sivyo nusu ya kwanza na nusu ya pili hazitakutana. Karakana yenye jenereta au betri za kuzimia mashine taratibu imeshakujibu swali moja la maana.

Kisha kuna upimaji, na hapa ndipo utamjua fundi. Kipande cha alumini chenye kipenyo cha milimita 100 kinatoka mashineni kikiwa bado na joto. Mteja ananyoosha mkono akipokee. Fundi anakifuta oili, anakilaza juu ya meza na kusema, "Ngoja kipoe, boss, bado kinadanganya." Ana sababu. Alumini hutanuka mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Kikiwa na nyuzijoto 50 badala ya 20, ambayo ndiyo joto ambalo vipimo vya uhandisi husomewa duniani kote, kipande hicho kimekua kwa karibu mikroni 70. Ulichokisoma kuwa sawa sasa hivi kitakuwa kidogo baada ya chai. Chuma cha kawaida hutanuka kama nusu ya hiyo. Karakana inayopima kikiwa moto na kukukabidhi papo hapo, hata iwe na CNC ya kisasa ya mihimili mitano, mimi nitaipita.

Konrodi, pistoni, krankishafti: nunua

Kwa vipande hivi vitatu vya ndani, ushauri wangu kwa mwenye gari la kawaida ni kununua cha kiwandani, na nitaeleza kwa hesabu.

Chukua 1NZ-FE, injini ya Toyota Probox, Vitz na Fielder nyingi zinazopita Thika Road kila asubuhi. Pistoni yake husafiri milimita 84.7 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukiipeleka mizunguko 6,000 kwa dakika, inapofika juu na kugeuka, mchapuko wake ni zaidi ya mara 2,000 ya uvutano wa dunia. Pistoni na pini yake vikiwa na gramu 300 tu, konrodi inavutwa kwa nguvu ya kilo zaidi ya 600. Mwisho wa mpigo wa kutoa moshi hakuna presha ya mlipuko ya kusaidia kuizuia, kwa hiyo mvuto huo wote unabebwa na konrodi na bolti zake mbili. Kwa kasi hiyo inatokea mara 50 kila sekunde, na ni konrodi moja kati ya nne.

Kitu kinachovutwa namna hiyo hakivunjiki kwa sababu nguvu imezidi siku moja. Huchoka. Ufa mdogo huanzia mahali kuna mkwaruzo au kona kali, hukua kidogo kidogo, na siku ikikatika hutoboa bloku. Konrodi ya kufua ya kiwandani ina chembe zinazofuata urefu wake, imetiwa moto kwa utaratibu unaojulikana, na zinatengenezwa kwa maelfu kiasi kwamba kasoro ya mpangilio ingeshaonekana. Konrodi moja ya kuchongwa, hata kwa EN24 nzuri (chuma cha aloi cha kubeba mzigo), inakuhitaji umwamini muuza chuma, aliyeitia moto, aliyeandika programu na aliyesugua kona zake. Na lazima uchonge zote nne, maana uzito usipolingana injini itatetemeka.

Alumini nayo ina tabia yake. Kwa vyuma vya kaboni na aloi kama EN24, kuna kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake kipande kinaweza kuzunguka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mzunguko unahesabika. Wanaokimbiza magari kwenye mbio fupi za mstari ulionyooka hutumia konrodi za alumini na kuzibadilisha kwa ratiba. Kwa gari la kwenda Nakuru na kurudi, hilo halifai.

Pistoni ina siri nyingine: haiko duara. Ukiipima kwa maikromita upande wa pini na upande unaousugua ukuta wa silinda, utapata tofauti, na ukiishusha chini utapata imejaa kidogo tumboni. Imeumbwa hivyo ili ikipata moto na kutanuka ndipo ikae sawa. Kwa hiyo mtu akikuambia atakukerezea pistoni kwa leithi ya kawaida, kipande hicho kimekosewa kabla hakijaanza. CNC inaweza kufuata umbo hilo, lakini pistoni za kufua za aloi ya 2618 au 4032 zinapatikana kwa kuagiza, na watengenezaji wake wameshajua nafasi ya kuacha. Zingatia tu kwamba 4032 ina silikoni nyingi, kama asilimia 12, kwa hiyo hutanuka kidogo na huwekwa kwa nafasi ndogo. 2618 hutanuka zaidi, huhitaji nafasi kubwa, na injini inaweza kugonga-gonga kidogo asubuhi ikiwa baridi. Kwa gari la kazini chagua 4032, au baki na ya kusubu ya kiwandani kama hujaongeza turbo.

Krankishafti mara nyingi haihitaji kubadilishwa kabisa. Inasagwa kwa jiwe hadi kipimo cha chini, milimita 0.25 au 0.50, na kuwekewa beringi nene zaidi za kulingana. Kazi hii Nairobi inafanywa vizuri. Unachotakiwa kukagua ni ile kona ya mviringo pale shingo (sehemu inayokaa ndani ya beringi) inapokutana na ukuta wake: iwe laini na ya mviringo uleule wa kiwandani. Kona ikiachwa kali, hapo ndipo shafti itakapokatikia. Na kama ilikuwa imetiwa ugumu kwenye ngozi yake ya juu, uliza kama kusaga kumeuondoa na kama utarudishwa.

Ninamwondoa kwenye ushauri huu mtu mmoja: anayejenga gari la mashindano au la kale. Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kurudi kwenye mbio za ubingwa wa dunia 2021, na magari ya zamani yaliyowahi kuikimbia bado yanapendwa hapa. Ukihitaji konrodi za injini ambayo kiwanda kilisimamisha zamani, au urefu ambao hakuna aliyewahi kuutengeneza, bonge la EN24 na CNC nzuri ndiyo njia pekee ya maana. Lipa basi na kila kinachofuata: cheti cha chuma, kutiwa moto, kukaguliwa nyufa, kusawazishwa uzito.

Ex-Japan, kwa ufupi

Kipande cha ex-Japan kina jambo moja ambalo hakuna karakana itakupa: ni chuma cha kiwandani chenye vipimo vya kiwandani. Kwa injini zilizojaa sokoni kama 1NZ, kuchukua injini nzima au nusu yake huwa na akili kuliko kukusanya vipande. Usichokijua ni historia yake. Kwa vipande visivyochoka sana, kama hedi, kifuniko, manifoldi au bracket, nunua bila wasiwasi ukishakagua ubapa kwa rula ya chuma. Kwa konrodi na bolti zake, bolti ziwe mpya kila mara. Kwa krankishafti, usiondoke bila kupima shingo zote kwa maikromita, mahali pawili kila moja.

Pale CNC inapostahili pesa zako

Mfano ninaoupenda ni shingo ya thamostati, kile kipande kidogo cha alumini ambacho mpira wa juu wa radieta hufungwa. Magari mengi hapa huendeshwa kwa maji ya mfereji bila kipozeo, na miaka ikipita alumini huliwa. Ukivua mpira unakuta mdomo umekuwa kama mwamba wa pwani: matobo meupe, ukingo umeliwa upande mmoja, na kila mtu aliyepita ameongeza silikoni. Kwa Peugeot 504 au Land Rover ya zamani, kutafuta kipya ni kazi, na cha skrepu kimeliwa vilevile.

Hiki ni kipande cha CNC. Hakibebi mzigo mkubwa, hakizunguki, na umbo lake si la duara tu. Kinachohitajika ni uso bapa wa kukutana na injini, mtaro wa oringi wenye kina sahihi, mashimo mawili au matatu ya bolti, na mdomo wenye ukingo ulioinuka kidogo ili mpira usichomoke. Mchoraji atapima kile cha zamani sehemu ambazo hazijaliwa, atajaza zilizobaki kwa akili, na kipande kitachongwa kutoka 6061. Kikiwekwa pamoja na kipozeo halisi kwenye radieta, mwenye gari atasahau alikibadilisha lini. Wakati huohuo agiza viwili; umeshaona hesabu ya saa hapo juu.

Katika kundi hilohilo weka adapta ya chujio la oili, bracket za alternata na pampu ya usukani, flenji za manifoldi na turbo, nyumba za beringi za mashine za posho na pampu za maji za dizeli, na puli za injini zisizo na spea tena. Gia za timingi pia zinawezekana, lakini hizo zinahitaji chuma cha kutiwa ugumu na kusagwa baada ya moto, kwa sababu moto huzipinda kidogo. Usikubali gia iliyotoka mashineni ikaenda moja kwa moja kwenye injini.

Onyo moja kwa vijana wanaotafuta wepesi wa injini. Puli ya mbele ya krankishafti kwenye magari mengi ina mpira kati ya kitovu na pete ya nje. Mpira ule hunyonya mtetemo wa kujipinda wa shafti. Kuna puli nyepesi za alumini zilizochongwa vizuri sana, za rangi nzuri, zisizo na mpira wowote. Ukiifunga, injini itapanda haraka kidogo, na mtetemo utabaki kwenye krankishafti yako. Ya kiwandani iachwe palepale.

Unapofika karakana

Uliza chuma kimetoka wapi na jina lake. Kwa vyuma, majina ya EN ya Waingereza bado ndiyo yanayotumika mjini: EN8 kwa shafti za kawaida, EN19 na EN24 kwa zinazobeba mzigo. Rangi iliyopakwa mwisho wa mti wa chuma si ushahidi, maana wauzaji hawatumii rangi moja. Omba nakala ya cheti cha kiwanda. Fundi mzoefu anaweza kugusa kipande kwenye jiwe la kusaga na kusoma cheche: chuma laini hutoa mistari mirefu isiyopasuka sana, cha kaboni nyingi hupasuka kama nyota, chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu. Jaribio hilo litakuokoa usiuziwe chuma laini kwa jina la EN8. Halitakutenganishia EN19 na EN24, na yeyote anayedai hivyo anakisia.

Uliza maikromita zao zilihakikiwa lini. KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina maabara ya vipimo inayofanya kazi hiyo, na karakana makini huwa na cheti ukutani au kwenye faili. Uliza nani anatia chuma moto, maana mara nyingi ni karakana nyingine kabisa, na kama ugumu hupimwa kikirudi.

Nenda na kipande cha zamani, kile kinachokutana nacho, na bolti zake. Mchoro wa simu hautoshi.

Na kabla ya kulipa salio, kubalianeni kuhusu faili. Mchoro na programu ndivyo vilivyokula sehemu kubwa ya zile saa nne za mwanzo, na wewe ndiye uliyezilipia. Omba upewe faili ya mchoro na ya programu pamoja na kipande, ziandikwe kwenye risiti, na uzihifadhi kwenye barua pepe yako pamoja na jina la chuma kilichotumika. Kipande kingine kikihitajika miaka miwili ijayo, utalipia nusu saa ya kukata, muda wa kukifunga mashineni na bonge lenyewe.